Gari la Muundo Mpya: Kununua Mwaka wa Kwanza au Kusubiri?

Gari huwa la muundo mpya pale kampuni inapofunga kizazi kimoja cha modeli na kuanza kingine. Jina hubaki lile lile, lakini bodi, sakafu, dashibodi na nyaya, na mara nyingi injini na giaboksi pia, huchorwa upya. Honda Fit ni mfano mzuri wa mzunguko huo: kizazi cha kwanza kilitoka Japani mwaka 2001, cha pili 2007, cha tatu 2013 na cha nne 2020. Katikati ya kila kizazi kampuni hufanya maboresho madogo. Taa na bampa hupata sura nyingine, na kimyakimya kasoro zilizojitokeza barabarani hurekebishwa.

Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni kwamba gari la mwaka wa kwanza wa kizazi kipya lisinunuliwe. Ushauri huo una msingi, ila unachukua magari yote kana kwamba yamebadilishwa kwa kiasi kimoja na wanunuzi wote kana kwamba wana kinga moja. Jibu sahihi hutegemea mambo matatu: nini hasa kimebadilishwa chini ya bodi, kasoro zake huchukua muda gani kujitokeza, na nani atakayelipa zikijitokeza. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, ambaye kwa kawaida hupata gari lililokwisha kutumika Japani, jambo la tatu ndilo zito kuliko yote.

Chanzo cha kasoro za mwanzo

Kabla ya kuuza gari jipya, kampuni huunda magari ya majaribio na kuyaendesha kwenye joto kali, kwenye barafu, kwenye kokoto na kwenye viwanja vya mwendo wa kasi. Majaribio hayo hunasa makosa makubwa. Makosa adimu huponyoka, na sababu yake ni hesabu tupu. Ichukuliwe kasoro inayolipata gari moja katika kila 1,000. Kampuni ikijaribu magari 200, uwezekano wa kasoro hiyo kutoonekana hata mara moja ni takriban asilimia 82. Magari 50,000 yakishauzwa, kasoro ile ile itakuwa imewafika watu 50 hivi. Kwa maana hiyo wanunuzi wa kwanza humalizia kazi ya majaribio kwa fedha zao, wapende wasipende.

Sababu ya pili ni wingi wa sehemu. Toyota yenyewe hueleza kwamba gari moja lina sehemu zipatazo 30,000 ukihesabu hadi skrubu ndogo kabisa, na nyingi kati ya hizo hutengenezwa na kampuni nyingine zinazoiuzia. Muundo unapobadilika, wauzaji hao nao hubadilisha mashine, vipimo na wakati mwingine malighafi. Gari linaweza kuchorwa bila dosari, kisha likaharibiwa na sehemu moja iliyotoka nje ya kipimo.

Sababu ya tatu ni kiwanda. Kizazi kipya hudai mashine mpya na mpangilio mpya wa kazi, na wafanyakazi huchukua muda kuuzoea. Ford ilipoanza kuunda Explorer ya mwaka wa modeli 2020 katika kiwanda chake cha Chicago, kiwanda hicho kilikuwa kimetoka kufanyiwa ukarabati mkubwa na kilikuwa kikianza magari mawili mapya kwa pamoja, Explorer na Lincoln Aviator. Magari mengi yalitoka na kasoro, na Ford ikalazimika kuyasafirisha hadi Flat Rock, Michigan, yakarekebishwe kabla ya kufikishwa kwa wauzaji.

Sababu ya nne imekua sana katika miaka ya karibuni, nayo ni programu za kompyuta. Injini, giaboksi, breki, usukani na hata taa za gari la leo huongozwa na kompyuta, na programu huweza kukosea mahali ambapo chuma hakina tatizo lolote. Volkswagen ilisitisha kwa muda kuwakabidhi wateja Golf ya kizazi cha nane mwezi Mei 2020 kwa sababu ya hitilafu ya programu iliyogusa mfumo wa kuita msaada wakati wa ajali. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Mei 2009, iliitwa gereji Februari 2010 kwa sababu breki zilichelewa kidogo kushika kwenye barabara mbovu au ya utelezi. Wito huo uligusa magari takriban 437,000 duniani, pamoja na haibridi nyingine chache za kampuni hiyo, na tiba yake ilikuwa kubadilisha programu tu. Magari yaliyoundwa kuanzia Januari 2010 yalikuwa tayari yamewekewa programu iliyorekebishwa.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wake. Kampuni haisubiri kizazi kingine ndipo irekebishe; hurekebisha kila mwezi, tena mara nyingi bila kutangaza. Magari mawili ya sura moja na rangi moja, yaliyopishana miezi sita kiwandani, yanaweza kuwa na tofauti ambazo jicho halizioni.

Funzo la Honda Fit ya 2013

Hakuna kisa kinachoeleza hatari ya mwaka wa kwanza vizuri kuliko kile cha Honda Fit ya kizazi cha tatu, na kinawagusa moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki kwa kuwa Fit hiyo na ndugu yake Vezel zimejaa katika barabara za Nairobi na Mombasa.

Fit Haibridi iliyotangulia, ya mwaka 2010, ilitumia mota ndogo ya umeme kusaidia injini, giaboksi ya mkanda (CVT) na betri ya nikeli. Ilikuwa teknolojia iliyozoeleka. Kizazi kilichoanza kuuzwa Septemba 2013 kilibadilisha karibu kila kitu kwa mara moja: sakafu mpya, injini mpya ya lita 1.5, betri ya lithiamu, na giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba na mota ya umeme ndani yake. Klachi, mota na injini zilipaswa kupokezana kazi kwa kuongozwa na programu, na programu hiyo ilikuwa bado changa. Madereva walikuta gari likigoma kuondoka au gia zikikataa kuingia.

Wito wa kwanza wa marekebisho ulitolewa mwezi uliofuata uzinduzi. Kufikia Oktoba 2014, muda wa miezi kumi na mitatu, Fit Haibridi ilikuwa imeitwa gereji mara tano. Wito wa tano ulihusu sehemu za umeme, ikiwamo koili ya kuwashia moto wa plagi, na uligusa zaidi ya magari 400,000 yakiwamo Fit na Vezel. Siku Honda ilipoutangaza, ilitangaza pia kwamba viongozi wake wa juu, akiwamo rais wa kampuni Takanobu Ito, watakatwa sehemu ya mishahara yao kwa miezi mitatu.

Kilichofuata kinafunza vilevile. Kizazi cha nne cha Fit kiliachana na giaboksi ya klachi mbili na kuchukua mfumo wa mota mbili. Uzinduzi wake ulipangwa Oktoba 2019, ila Honda iliuahirisha hadi Februari 2020 kwa sababu ya tatizo la breki ya kuegeshea ya umeme. Kampuni iliona afadhali ipoteze miezi minne ya mauzo kuliko kurudia ya 2013.

Si kila gari jipya lina upya uleule

Kisa cha Fit kinaonyesha kipimo ambacho mnunuzi anapaswa kukitanguliza mbele ya kalenda, yaani kiasi cha mabadiliko ya kimakanika. Kuna gari lililobadilishwa bodi na viti huku injini na giaboksi zikitoka kizazi kilichopita. Kuna lililopata injini mpya kwenye sakafu ya zamani. Na kuna lililopata vyote vipya kwa mara moja. Hatari hupanda kwa mpangilio huo huo.

Mazda CX-5 ni mfano wa kundi la kwanza. Kizazi chake cha kwanza, cha mwaka 2012, ndicho kilichobeba teknolojia mpya ya kampuni kuanzia injini hadi giaboksi. Kizazi cha pili kilipotoka mwaka 2017 kilikuwa na sura nyingine na chumba kilicho kimya zaidi, lakini injini zake zilitokana na zile zilizokwisha kutembea barabarani kwa miaka mitano. Mwaka wa kwanza wa CX-5 ya pili hauwezi kupimwa kwa ratili moja na mwaka wa kwanza wa ile ya awali.

Toyota Tundra inaonyesha upande wa pili. Kwa zaidi ya miaka kumi pikapu hiyo ya Marekani ilitumia injini ya V8 ya lita 5.7 isiyo na tabo, inayosifika kwa uvumilivu. Tundra ya mwaka wa modeli 2022 iliiacha na kuchukua V6 ya lita 3.4 yenye tabo mbili. Mwezi Mei 2024 Toyota iliyaita magari yapatayo 102,000 ya miaka ya modeli 2022 na 2023, Tundra pamoja na Lexus LX, kwa sababu chembe za chuma zilizobaki ndani ya injini wakati wa kuitengeneza zingeweza kuharibu beringi kuu na kuizima injini gari likiwa mwendoni. Jina la kampuni, hata liwe kubwa namna gani kwa uimara, si kinga ya injini mpya.

Pia kuna magari yanayokwepa swali hili kwa kutobadilika. Hiace ya umbo la H200 ilitoka mwaka 2004. Toyota ilipozindua Hiace ya kizazi kipya yenye pua mwaka 2019 kwa masoko ya nje, soko la Japani liliendelea na H200 iliyokuwa ikiboreshwa kidogo kidogo. Wamiliki wa matatu na daladala wanaoishikilia hawaongozwi na mazoea tu. Wananunua miaka mingi ya marekebisho yaliyokwisha kulipiwa na wengine.

Muda wa kusubiri

Wanaoshauri kusubiri mwaka mmoja hudhani kasoro zote hujitokeza ndani ya mwaka. Ukweli ni kwamba kasoro zina umri tofauti.

Zile za uundaji na programu hujitokeza mapema. Toyota bZ4X, gari la umeme lililozinduliwa mwaka 2022, iliitwa Juni mwaka huo huo kwa sababu bolti za magurudumu zingeweza kulegea na gurudumu kuchomoka. Magari yaliyoguswa yalikuwa takriban 2,700 tu duniani, kwa kuwa mauzo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Mercedes-Benz A-Class ilipinduka Oktoba 1997 katika jaribio la kukwepa kizuizi lililofanywa na jarida la Uswidi, Teknikens Värld, muda mfupi tu baada ya kuingia sokoni. Kampuni ilisitisha mauzo, ikarekebisha shokomzoba na kuweka mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari kuyumba katika kila A-Class. Aliyesubiri miezi sita alipata gari salama kuliko la yule aliyewahi.

Kasoro nyingine huchelewa. Chevrolet Bolt ya umeme ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2016. Wito wa kwanza kuhusu betri zake kushika moto ulitolewa Novemba 2020, na Agosti 2021 ukapanuliwa hadi kugusa Bolt zote zilizowahi kuundwa. Anayesubiri mwaka mmoja asingenusurika, wala anayesubiri mitatu. Nchini Australia, wamiliki wa Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020 walishtaki kwa pamoja kuhusu kichujio cha moshi kilichokuwa kikiziba, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba magari hayo, zaidi ya 260,000, yalikuwa na kasoro. Hapo tatizo lilidumu karibu miaka mitano ya kizazi, wala halikuwa la mwaka wa kwanza peke yake.

Kwa hiyo kusubiri mwaka mmoja huondoa sehemu ya hatari, hasa ile ya programu na mikono ya kiwandani. Kusubiri hadi maboresho ya katikati ya kizazi, yaani mwaka wa tatu au wa nne, huondoa sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa wakati huo magari ya kwanza yameshatembea kilomita za kutosha kufichua udhaifu wa injini na giaboksi, na kampuni imepata nafasi ya kuubadilisha. Kinachobaki baada ya hapo ni udhaifu wa asili wa muundo wenyewe. Huo haumalizwi na subira. Dawa yake ni kuchagua modeli nyingine.

Hoja za kununua mapema

Kusubiri nako kuna gharama. Kizazi kipya kwa kawaida hulinda abiria vizuri zaidi: bodi hunyonya kishindo vizuri, mifuko ya hewa huongezeka, na mifumo kama breki ya kujishika yenyewe huhama kutoka magari ya bei kubwa hadi ya kawaida. Tangu Euro NCAP ianze kuchapisha matokeo ya majaribio ya ajali mwaka 1997, kampuni zimekuwa zikichora vizazi vipya zikiwa na majaribio hayo akilini. Familia inayobaki na gari la zamani kwa miaka minne ikisubiri kizazi kipya kikomae hubaki pia na ulinzi wa zamani kwa miaka hiyo minne.

Mafuta ni hoja ya pili. Gari linalotembea kilomita nyingi kila siku likihamia kwenye haibridi, akiba huonekana kila mwezi. Hoja ya tatu ni thamani ya kuuza. Gari la kizazi kipya hubaki na sura ya kisasa kwa muda mrefu, ilhali lile la mwaka wa mwisho wa kizazi kinachoondoka huonekana la zamani ndani ya miezi michache.

Hata hivyo mwaka wa mwisho wa kizazi una faida zake. Ndipo muundo unapokuwa umekomaa kabisa, na wauzaji hupunguza bei ili wamalize magari yaliyobaki. Kwa anayekusudia kukaa na gari miaka kumi, mtindo wa taa hauna maana kubwa, na punguzo hilo ni fedha halisi mkononi.

Mwaka wa kwanza unavyovuka bahari

Katika nchi tajiri, mnunuzi wa gari la mwaka wa kwanza ana kinga tatu: waranti, wakala anayerekebisha bure kasoro iliyotangazwa, na sheria inayomwezesha kudai. Gari hilo likishatumika Japani, likauzwa mnadani na kupakiwa melini kwenda Mombasa au Dar es Salaam, kinga zote tatu hudhoofika au hupotea. Kasoro husafiri pamoja na gari, lakini ahadi ya kuirekebisha aghalabu hubaki Japani.

Kwa sababu hiyo si kweli kwamba anayenunua gari lililotumika amelikwepa swali la mwaka wa kwanza. Fit iliyoundwa Oktoba 2013 ni ya mwaka wa kwanza hata ikiuzwa kwenye yadi ya Mombasa miaka saba baadaye. Alichopata mnunuzi huyo wa pili ni habari, kwa maana kasoro zake zimekwisha kujulikana. Alichopoteza ni mtu wa kuzilipia.

Sera za nchi nazo huamua mnunuzi akutane na kizazi kipi. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliruhusiwa yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Sheria hiyo husukuma soko mbele, na kila Januari mwaka mzima wa magari hufungiwa mlango. Kizazi cha zamani kinapofikia kikomo, mnunuzi hulazimika kuhamia kipya, na bei zikimbana huishia kwenye magari ya mwanzo kabisa ya kizazi hicho kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Fit haibridi za 2013 zingeweza kuingia Kenya hadi 2020. Tanzania haiyafungii magari ya kawaida mlango kwa umri. Huyatoza ushuru wa uchakavu, unaoanza gari likizidi miaka minane na kupanda likizidi kumi. Ndiyo sababu Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa kati ya 2002 na 2007, iliendelea kutawala mitaa ya Dar es Salaam muda mrefu baada ya magari ya umri huo kufungiwa mlango Kenya. Uganda imeweka mpaka wa miaka kumi na mitano tangu 2018. Mnunuzi wa Tanzania au Uganda ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na kizazi kilichokomaa, na analipia nafasi hiyo kwa ushuru na kwa umri wa gari.

Suala la spea hufuata. Gereji nyingi za Afrika Mashariki hutegemea spea zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa, zinazouzwa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam. Soko hilo hujengeka taratibu. Magari ya kizazi lazima kwanza yazeeke, yagongwe na yakatwe ndipo taa, kioo au giaboksi yake ipatikane kwa bei ya kawaida. Anayeingiza kizazi kipya kabla ya wengine hulazimika kuagiza spea nje, kwa bei ya nje na kwa muda wa meli.

Ujuzi wa fundi hufuata njia hiyo hiyo. Giaboksi ya gia nne ya Probox ya zamani ilijulikana kwa mafundi wa mitaani kwa kuifungua na kuifunga mara nyingi. Probox iliyofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014 ilikuja na CVT, ambayo hudai mafuta yake maalumu na kuharibika haraka ikiwekewa ya aina nyingine. Giaboksi ya klachi mbili ya Fit hudai zaidi ya hapo: kompyuta ya kuisoma, programu sahihi na mtu anayejua utaratibu wa kuizoesha upya klachi baada ya matengenezo. Katika miaka ya kwanza ya kizazi kuingia nchini, mafundi wenye vitu hivyo ni wachache na wamekusanyika katika miji mikubwa. Gari likizima Singida au Isiolo, mwenye gari hana pa kukimbilia karibu.

Mazingira huongeza jaribio ambalo mchoraji huenda hakulifikiria. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hutegemea lami nzuri, hali ya hewa ya Japani na mafuta safi sana. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, hatua kubwa ya kupongezwa, lakini Japani hutumia 10. Vumbi, matuta na foleni ndefu kwenye joto hupima klachi, redieta na betri kwa namna nyingine.

Nissan Leaf ni onyo kwa pwani. Gari hilo la umeme lilitoka Desemba 2010 likiwa na betri isiyo na mfumo wa kupoozwa kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo lenye joto kali nchini Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinapoteza uwezo upesi. Nissan iliongeza waranti ya uwezo wa betri, na Leaf za mwaka wa modeli 2015 zikaja na betri inayohimili joto vizuri zaidi. Leaf za mwanzo ndizo za bei rahisi zaidi mnadani Japani. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, unafuu huo wa bei hauwezi kulingana na gharama ya betri iliyochoka.

Magari mapya kutoka kwa wakala

Kwa anayenunua gari jipya kabisa kutoka kwa wakala aliyeidhinishwa, hesabu hubadilika. Ana waranti, ana mahali pa kulalamika, na gari lenyewe kwa kawaida limetayarishwa kwa masoko ya Afrika. Wakala pia hupata taarifa za kasoro kutoka kiwandani na ana vifaa vya kubadilishia programu. Kwake mwaka wa kwanza ni hatari ya usumbufu kuliko hatari ya fedha. Bado anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kusaini: spea za kizazi hicho zimekwisha kuwekwa ghalani au la, na atapewa gari gani la kutumia lake likikaa gereji wiki mbili akisubiri sehemu.

Kwenye magari ya umeme, ambako karibu kila modeli bado ni changa, njia bora ya kugawana hatari imeanza kuonekana Nairobi. Kampuni ya BasiGo, iliyoanza majaribio ya mabasi ya umeme mwaka 2022, iliitenga betri na bei ya basi. Mwenye basi hulipia betri na kuchaji kwa kila kilomita anayotembea. Teknolojia ikiwa ngeni, mzigo wa sehemu isiyojulikana vizuri hubebwa na anayeijua zaidi. Huo ni utaratibu wa haki, na kila anayeuziwa chombo cha umeme cha muundo mpya, kiwe basi au pikipiki ya bodaboda, anastahili kuudai.

Namna ya kuamua

Hatua ya kwanza ni kutenganisha sura na makanika. Mnunuzi alinganishe msimbo wa injini na aina ya giaboksi ya kizazi kipya na za kile kilichopita. Zikiwa zile zile, mwaka wa kwanza haupaswi kumtisha sana. Injini ikiwa mpya au giaboksi ikiwa ya aina nyingine, asubiri. Vyote vikiwa vipya pamoja na mfumo wa haibridi au betri, asubiri hadi maboresho ya katikati ya kizazi.

Hatua ya pili ni kujua gari liliundwa lini. Mwaka wa usajili hautoshi, kwa kuwa gari linaweza kuundwa mwaka mmoja na kusajiliwa mwaka unaofuata. Namba ya chasisi hutaja nafasi ya gari katika mfululizo wa uzalishaji, na lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kiti mara nyingi huonyesha mwaka wa utengenezaji.

Hatua ya tatu ni kuchunguza miito ya marekebisho. Kampuni za Japani na wizara inayosimamia usafiri nchini humo hutangaza namba za chasisi zilizoguswa, kuanzia ipi hadi ipi, na tovuti za kampuni huonyesha kama gari fulani limekwisha kurekebishwa. Ukaguzi huo ufanywe kabla ya kulipa, gari likiwa bado Japani, ambako marekebisho ni bure. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya chasisi aachwe.

Hatua ya nne ni kupima uwezo wa kubeba hasara. Dereva wa teksi aliyenunua gari kwa mkopo hupoteza marejesho ya siku kila siku gari linapolala gereji. Kwake kizazi kilichokomaa, chenye fundi kila mtaa, ni lazima. Kampuni yenye magari mengi inaweza kununua mawili ya kizazi kipya na kuyapima mwaka mmoja kabla ya kubadilisha yote. Familia yenye gari moja, inayolihitaji kwa usalama zaidi ya kitu kingine, inaweza kuchagua kizazi kipya kwa sababu ya ulinzi wake, ilimradi ichukue gari la mwaka wa tatu kwenda mbele na lenye injini ya kawaida isiyo na majaribio mengi.

Ikiwa bajeti inaruhusu gari la mwaka wa kwanza wa kizazi kipya au la mwaka wa mwisho wa kilichotangulia kwa bei ileile, mnunuzi asiye na waranti achukue la mwisho wa kizazi. Mwenye waranti kamili na wakala wa karibu anaweza kuchukua jipya, akiandika tarehe ya kila hitilafu na kuiripoti kabla muda wa waranti haujaisha.